Kukata Hesi za Ndani kwa Mashine Ndogo ya Kukereza: Mwongozo Kamili

Nati inayobana pakingi kwenye bomba la shafti la mashua ya mashine ni kitu kidogo kuliko ngumi, lakini hesi zake zikiliwa mashua haitoki bandarini, kwa sababu maji yatapanda kufuata shafti mpaka yaijaze ngama. Sisi mafundi wa Unguja na Pemba tunaletewa nati za namna hii mara kwa mara, na mara nyingi dukani hazipo, kwa kuwa bomba lilitengenezwa zamani au lilitoka kwenye chombo kingine. Tapu, yaani chombo cha kuzungushwa ndani ya tundu ili kikate hesi, ya kipenyo cha milimita 36 ni ghali, na si busara kuinunua kwa ajili ya nati moja. Njia iliyobaki ni kuzikata hesi hizo kwa kisu kimoja juu ya mashine ya kukereza, na hilo ndilo litakaloelezwa hapa hatua kwa hatua, kwa mfano wa nati ya shaba nyeusi yenye hesi za milimita 36 kwa hatua ya milimita 2.

Anayejua kukata hesi za nje asidhani kwamba kazi hii ni ileile iliyogeuzwa. Hesi za nje unaziona zikizaliwa, ilhali za ndani zinakatwa ndani ya tundu lenye giza, lililojaa mafuta na chenga, huku kisu kikiwa mwisho wa fimbo inayopinda. Kwa hiyo karibu kila jambo lazima liamuliwe kabla ya mota kuwashwa, na baada ya hapo fundi anafuata namba na sauti.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana kila karakana ina yake. Kikamatio ni kile chenye taya kinachoshika kazi na kuzunguka nayo. Kibebeo ni sehemu inayotembea juu ya reli za mashine ikiwa imebeba kisu. Juu yake kuna kitelezi cha kukingama, kinachokwenda mbele na nyuma kwa kukata njia ya reli, na juu ya hicho kuna kitelezi kidogo cha juu kinachoweza kugeuzwa pembe. Parafujo kuu ni ule mhimili mrefu wenye hesi unaokivuta kibebeo wakati wa kukata, na nati ya mapande mawili ndiyo inayouuma mhimili huo pale unapobonyeza wenzo wake. Hatua ya hesi ni umbali kutoka ncha ya uzi mmoja hadi ncha ya uzi unaofuata.

Kuitambua hesi

Usikate chochote kabla ya kujua hesi ya upande wa pili ni ya ukoo gani. Visiwani kwetu koo tatu zinaishi pamoja. Hesi za milimita, zenye pembe ya nyuzi 60, zimekuja na injini za Kijapani na za Kichina. Hesi za mabomba ya maji ni za Kiingereza, zenye pembe ya nyuzi 55 ambayo mhandisi Joseph Whitworth aliipendekeza mwaka 1841, na hizo zimebaki kila mahali mpaka leo: bomba la nusu inchi lina hesi 14 kwa kila inchi, na la inchi moja lina 11. Ukoo wa tatu ni hesi za inchi za Kimarekani, ambazo nazo zina pembe ya nyuzi 60, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Mimi nilidanganyika. Nahodha mmoja alileta bomba la shafti lililoganda chumvi, akasema, "Fundi, nataka nati tu, bomba lenyewe ni zima." Nilipima kipenyo nikapata karibu 34.9, nikajiambia hiyo ni milimita 35 iliyolika kidogo. Nikaweka jani la kupimia hesi (kibati chembamba chenye meno) la milimita 2 juu ya nyuzi mbili tatu, likakaa. Nilikata nati nzuri yenye kung'aa, ikaingia mizunguko miwili na kitu, kisha ikagoma kabisa. Hesi ile ilikuwa ya inchi moja na tatu ya nane, yaani milimita 34.925, yenye nyuzi 12 kwa inchi. Hatua yake ni milimita 2.117, na tofauti ile ya 0.117 haionekani kwenye uzi mmoja, lakini kwenye nyuzi 5 imeshafika karibu milimita 0.6. Kipande cha shaba kilikwenda kwenye ndoo ya chakavu.

Tangu siku hiyo nasafisha hesi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha napima kwa venia (kipimo chenye taya mbili za kuteleza) umbali wa hatua 10 kwa pamoja, si moja. Ukipata milimita 20, hatua ni 2, ukipata 21.2, ni nyuzi 12 kwa inchi. Baada ya hapo ndipo jani la kupimia linapowekwa juu, tena kwa urefu wake wote, na kuangaliwa dhidi ya mwanga. Jani la pembe ya nyuzi 55 likiwekwa juu ya hesi ya pembe ya nyuzi 60 huacha mwanya mwembamba wa mwanga pembeni mwa kila jino.

Kuandaa kipande na tundu

Kwa kitu kitakachokaa kwenye maji ya bahari chagua shaba nyeusi, wala usishawishike na shaba ya manjano hata kama ni rahisi kukatika na inapendeza machoni. Shaba ya manjano ina zinki nyingi, na maji ya chumvi huila ile zinki taratibu na kuacha shaba tupu yenye vitundu, nyekundu, inayomeguka kama biskuti.

Shika kipande kwenye taya kwa kina cha kutosha, lakini acha nafasi ya milimita 8 hivi kati ya mgongo wake na uso wa kikamatio, ili kisu kikipenya upande wa pili kisigonge chuma. Sawazisha uso wa mbele, toboa kwa kekee ya senta, kisha kwa kekee kubwa uliyonayo, na halafu tanua tundu kwa kisu cha ndani.

Kipenyo cha tundu ndicho kinachoamua kama kazi itakuwa nyepesi au nzito. Kwa hesi za milimita, chukua kipenyo cha nje, utoe hatua iliyozidishwa kwa 1.0825. Kwa mfano wetu, 36 ukitoa 2.165 unapata 33.835, na hicho ndicho kipenyo kidogo kabisa kinachoruhusiwa. Kikomo cha juu kwa nati ya kawaida ya hatua hii ni 34.21. Wanaoanza hupenda kulibana tundu kwenye kile kipimo cha chini wakidhani kwamba hesi itakuwa na nguvu zaidi. Nguvu inayoongezeka ni ndogo sana, na taabu inayoongezeka ni kubwa. Mimi hutanua hadi 34.0 bila wasiwasi.

Kabla ya kuondoa kisu cha kutanulia, fanya mambo mawili. Kata mlango wa tundu kwa mshazari wa nyuzi 45 mpaka mdomo wake ufike kama 36.5, ili nati ipate kuanza vizuri kwenye bomba. Pia, kwa kuwa mdomo huo ni mpana kidogo kuliko kipenyo cha nje cha hesi, ukingo wake utakupa alama ya macho unapokaribia kina cha mwisho.

Kisu na mkono wake

Mkono unaobeba kisu ndio chanzo cha nusu ya malalamiko yote. Ukiurefusha mara mbili, unapinda mara nane kwa nguvu ileile. Ukiupunguza unene kwa nusu, unapinda mara kumi na sita. Kwa sababu hiyo tumia mkono mnene kadiri tundu linavyoruhusu, na uutoe nje ya kishikio kwa urefu unaohitajika tu. Kwa mkono wa chuma cha kawaida, usizidishe urefu wa mara 4 ya unene wake. Kwenye tundu letu la milimita 34, mkono wa milimita 16 unatosha na unaacha nafasi ya chenga kutoka, na pia nafasi ya kisu kurudishwa nyuma bila mgongo wa mkono kugusa ukuta wa upande wa pili. Jaribu hilo kwa mkono mashine ikiwa imezimwa.

Kisu chenyewe nakinoa kutoka kipande cha haispidi, yaani chuma kigumu cha kukatia, na sioni sababu ya karakana ndogo kununua vile vipande vya kabaidi vya kubadilisha, ambavyo huvunjika ncha mara mashine ndogo inapotetemeka. Ncha iwe na pembe ya nyuzi 60 kamili, na kichwani isiwe kali kama sindano bali iwe na ubapa mdogo, usiozidi sehemu moja ya nane ya hatua, yaani milimita 0.25 kwa hatua ya 2. Uso wa juu uwe tambarare kabisa. Shaba nyeusi haitaki mteremko, na ukiuweka kisu kitajivuta chenyewe ndani ya kazi. Chini ya ncha noa zaidi kuliko ulivyozoea kwa hesi za nje, kwa kuwa ukuta wa tundu unapinda kuja juu na utakisugua kisigino cha kisu. Upande unaotangulia, yaani ule wa kikamatio, uongezewe nafasi kwa sababu ya mlalo wa hesi, yaani pembe ambayo uzi unainama ukizunguka tundu. Kwa nati yetu mlalo huo ni pembe ya nyuzi 1 tu na hausumbui, lakini kwa nati ya milimita 16 yenye hatua hiyohiyo unafika 2.5.

Funga mkono ncha ikiwa imeelekea kwako, kwenye usawa wa senta. Kisha weka kibati cha kupimia pembe, kile chenye mkato wa umbo la mkia wa samaki, kikiegemea uso wa mbele wa kazi uliokwisha kusawazishwa, na ulete ncha ndani ya mkato wake wa ubavuni. Weka karatasi nyeupe chini yake na uangalie mwanga pande zote mbili za ncha. Ukishakaza kishikio, angalia tena, maana kukaza huwa kunageuza.

Gia na nati ya mapande mawili

Panga gia kwa kufuata kibao kilicho kwenye mlango wa mashine. Mashine nyingi za Kiingereza zilizozeekea hapa zina parafujo kuu yenye nyuzi 8 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 3.175, na kuzikata hesi za milimita juu yake kunahitaji gia ya meno 127. Namba hiyo ya ajabu inatokana na ukweli kwamba inchi 5 ni milimita 127 kamili. Gia ya meno 80 ikiisukuma ile ya 127, hatua inayopatikana ni milimita 2 bila makosa hata kidogo.

Ukikata hesi za milimita kwa parafujo ya inchi, au za inchi kwa parafujo ya milimita, sahau saa ya hesi iliyo ubavuni mwa kibebeo, ile inayokuonyesha wakati wa kufunga nati ya mapande mawili. Funga nati ya mapande mawili mara moja mwanzoni na usiifungue mpaka kazi iishe; kurudi nyuma utarudi kwa kugeuza mzunguko wa mota. Nashauri uifuate njia hii hata pale ambapo saa ya hesi ingefaa, kwa sababu kisu kilichomo ndani ya tundu hukioni, na ukifunga nati kwenye alama isiyo yake utagundua baada ya nyuzi kukatwa mara mbili.

Njia hii ina faida nyingine ambayo fundi wa hapa ataithamini. Umeme ukikatika katikati ya mkato, kazi na kibebeo husimama pamoja na haviachani. Zima swichi, kirudishe kisu kwenye nafasi wazi, usiiguse nati, kisha subiri.

Kama mashine haina mzunguko wa kurudi nyuma, au kama hii ndiyo nati yako ya kwanza, tengeneza mkono wa kuzungushia unaojibana kwenye tundu la nyuma la mhimili wa mashine (ule unaozungusha kikamatio, si parafujo kuu), na ukate hesi zote kwa mkono, mbele na nyuma. Chomoa plagi ya umeme kabla ya kuuweka, kwa maana mota ikiwaka mkono huo ukiwa mahali pake utavunja mfupa. Ni kazi ya polepole, lakini unahisi kila uzi, na sijaona njia bora zaidi ya kumfundisha kijana.

Kukata

Geuza kitelezi cha juu kiwe sambamba na reli. Vitabu vingi huelekeza kukigeuza pembe ya nyuzi 29.5 upande wa kinyume na ule wa hesi za nje. Njia hiyo ni sahihi, ila kwenye mashine ndogo kishikio hukosa nafasi na hesabu ya kina huwachanganya watu. Mimi huingiza kina kwa kitelezi cha kukingama, na kwa kila mia 10 ninazoingiza (mia moja kwetu ni sehemu moja ya mia ya milimita, yaani 0.01), nasogeza kitelezi cha juu mia 5 kuelekea kikamatio. Hivyo upande mmoja wa kisu ndio unaofanya karibu kazi yote, na mtetemeko hupungua.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote: mikono inafanya kinyume. Kwenye hesi za nje unasukuma mbele ili kukata na unavuta nyuma ili kukwepa. Hapa unavuta kuja kwako ili kukata, na unasukuma mbele ili kukwepa. Mtu aliyekata hesi za nje miaka kumi atavuta nyuma kwa mazoea mwisho wa mkato, na kisu kitazama ukutani. Bandika utepe kwenye mashine, uchore mshale wa upande wa kukwepa, na urudie mwendo huo mara kumi mashine ikiwa imezimwa. Angalia pia kama kipimo cha duara cha kitelezi chako kinahesabu mwendo halisi wa kisu au kipenyo, kwa sababu mashine hutofautiana, na kosa hapo huzidisha kina mara mbili.

Paka ukuta wa tundu wino wa kalamu nene. Leta ncha iguse ukuta kidogo tu, kisha uweke vipimo vyote viwili kwenye sifuri. Toa kisu nje ya tundu, na kwenye mkono wake tia alama ya wino mahali utakapokuwa mlangoni pa tundu wakati ncha imeshapenya upande wa pili. Weka mwendo wa mizunguko 70 hivi kwa dakika. Kwa mwendo huo kibebeo kinatembea milimita 140 kwa dakika, na nati ya urefu wa milimita 25 inachukua sekunde kama 11, muda wa kutosha kwa mtu mtulivu.

Mkato wa kwanza uwe wa mia 5 tu. Funga nati ya mapande mawili, washa, na ncha itachora mstari mwembamba kwenye wino. Alama ya mkono ikifika mlangoni, zima, sukuma kitelezi cha kukingama mbele mzunguko mmoja kamili, geuza mota, na uache kisu kitoke. Pima mstari ule kwa jani la hesi hapohapo. Kama gia zimepangwa vibaya, bado hujapoteza kitu.

Baada ya hapo rudisha kitelezi kwenye namba ya mkato uliotangulia, ongeza kina kipya, na uendelee: mikato mitatu ya mia 15, mitatu ya mia 10, kisha minne ya mia 5. Hapo utakuwa umefika milimita 1.00, na kama ncha yako ina ubapa kamili wa 0.25 hesi iko karibu tayari. Ncha ikiwa kali zaidi, utahitaji kwenda mbele, mpaka kama 1.2. Kila mara ukirudisha kitelezi, kifikishe kwenye namba kwa kuvuta kuja kwako. Ukipitiliza, sukuma mbele nusu mzunguko na uanze tena, la sivyo mchezo, yaani ulegevu, uliomo kwenye parafujo yake utakupa kina cha uongo.

Shaba nyeusi huikata kavu au kwa tone la mafuta tu. Chuma kinataka mafuta mengi, na mafuta ya nazi hufaa pale ya dukani yanapokosekana, ingawa yanaganda asubuhi za baridi za Juni na Julai na yakiachwa juu ya mashine hunata. Chenga zitoe kwa brashi mashine ikiwa imesimama. Kidole hakiingii kwenye tundu linalozunguka kwa sababu yoyote ile, wala kitambaa, na mikono mirefu ya nguo ikunjwe kabla ya kuanza.

Kujaribu na kumalizia

Ukiona ukingo wa mlango na uzi wa kwanza vimeanza kukutana, acha kuongeza kina. Rudia mkato uleule mara mbili au tatu bila kuongeza chochote, na utashangaa kisu bado kinatoa unga, kwa kuwa mkono uliokuwa umepinda sasa unanyooka. Anayeongeza kina badala ya kurudia mikato hii huishia na nati inayocheza.

Pitisha tena kisu cha kutanulia kwa kipenyo kilekile cha 34.0 ili kufuta makali yaliyonyanyuka juu ya nyuzi, kisha umalizie na mkato mmoja wa hesi bila kuongeza kina. Hapa utaona faida ya kuwa na vishikio viwili vinavyorudi mahali pake. Mwenye kimoja tu asikiguse kishikio, atumie kipande kidogo cha msasa kilichozungushwa kwenye kijiti, mashine ikiwa imezimwa.

Jaribio lifanywe kazi ikiwa bado kwenye taya, kwani ukiifungua hutairudisha mahali pake. Bomba la nahodha likiwa fupi na jepesi, lilete lenyewe mlangoni. Likiwa limo ndani ya mashua kule Mkokotoni, basi kabla ya kuanza nati kereza kipande cha kujaribia chenye hesi za nje zilezile, ukikilinganisha na nati ya zamani kama bado ina nyuzi mbili nzima. Osha hesi kwa mafuta ya taa kabla ya kujaribu, maana chenga moja ya shaba inatosha kukuambia uongo. Ikiingia uzi mmoja na kukaza, ongeza mia 2, rudia mkato mara mbili, jaribu tena. Inapokwenda hadi mwisho kwa vidole viwili bila kutikisika, simama.

Tundu lisilotoboka upande wa pili lina sharti lake. Kata kwanza mfereji mwishoni mwa hesi, wenye upana wa hatua 2 hadi 3 na kipenyo kinachozidi kidogo kile cha nje, hapa 36.5, ili kisu kipate mahali pa kupumzikia. Wapo wanaopendelea kukata kutoka ndani kuja nje, kwa mzunguko wa kinyume na kisu kikielekea ukuta wa mbali, na kwa hesi hizi ni njia salama mno kwa sababu kisu kinakimbia kutoka kwenye hatari. Lakini kikamatio cha mashine nyingi ndogo za zamani kimefungwa kwa hesi juu ya mhimili, na ukikata kwa nguvu katika mzunguko wa kinyume kinaweza kufunguka na kuanguka juu ya reli pamoja na kazi yako. Kwa mashine ya namna hiyo, bakia kwenye mfereji na mkono wa kuzungushia.